Moshi wa nani? Shajara ya kiangazi kimoja Kigoma

9 Juni

Mradi huu umezaliwa na ubishi wa kijiweni. Ziwa limefungwa hadi katikati ya Agosti ili samaki wapumzike, kwa hiyo pale mwaloni Kibirizi watu wana muda mwingi na kazi kidogo. Leo jioni milima ya Kongo haikuonekana kabisa. Wiki tatu zilizopita ungeweza kuhesabu mabonde yake ukiwa umekalia mtumbwi uliopinduliwa. Leo ng'ambo ni rangi ya majivu tu, maji na anga vimeshonana. Mzee mmoja, mvuvi tangu enzi za karabai, akatoa hukumu: "Huo moshi wa Wakongomani. Wao wanachoma, sisi tunakohoa." Vichwa vikaitikia. Nikauliza, mbona upepo wa msimu huu unatoka kwetu kwenda kwao? Akaniangalia kama anavyoangalia wavu uliotoboka. "Wewe wa kompyuta, basi tuletee ushahidi."

Haya. Swali la mradi ni hilo moja: moshi unaoificha Kongo ni wa nani?

Kifaa cha kwanza hakihitaji umeme. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni nasimama sehemu ileile, juu kidogo ya mwalo, naipa milima alama. Tatu: naona mabonde na mikunjo. Mbili: naona umbo tu. Moja: naona kivuli kwa sababu najua pa kuangalia. Sifuri: hakuna Kongo. Ziwa lina upana wa kilomita hamsini hivi, kwa hiyo alama yangu ni kipimo cha kilomita hamsini za hewa. Leo: sifuri.

14 Juni

Nimeanza na FIRMS, huduma ya NASA inayotoa nukta za moto bure, kwa kawaida ndani ya saa tatu tangu setilaiti ipite. Ninazotumia zinatoka kwenye kihisi kiitwacho VIIRS, kilichopandishwa angani na setilaiti za Suomi NPP mwaka 2011, NOAA-20 mwaka 2017 na NOAA-21 mwaka 2022. Pikseli yake ya moto, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ina upande wa mita 375. Ile ya MODIS, kihisi cha zamani kilicho kwenye setilaiti za Terra na Aqua, ni kilomita nzima, na setilaiti zenyewe sasa ni wazee: Terra yuko huko juu tangu 1999.

Ramani ilipofunguka nilicheka kwa uchungu. Kongo ya kusini na Angola zimejaa nyekundu kama mtu kamwaga pilipili ya unga. Upande wetu, nukta za kuhesabika. Mzee akiiona hii kesi imeisha. Ndivyo msimu ulivyo: kusini mwa ikweta moto huanzia huko magharibi mwezi Mei na Juni, kisha husogea kuelekea mashariki hadi Msumbiji inapofika Septemba na Oktoba. Ndani ya bara hili inaungua takribani theluthi mbili ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka, na sehemu kubwa ni nyasi na pori la miombo kama haya yetu.

Lakini nukta si moshi. Inasema hapa pana joto kuliko majirani zake, basi. Haisemi moshi umekwenda wapi, na haisemi moto ni mkubwa kiasi gani. Pikseli ya mita 375 ni kama hekta 14, ila kichaka kinachowaka vizuri kwenye kona yake kinatosha kuiwasha yote. Nimeandika hili kwa wino mwekundu juu ya kompyuta, maana najijua.

21 Juni

Mbili, mbili, moja, mbili. Bando limeisha. Hakuna zaidi.

2 Julai

Leo nimegundua moshi unaofika kabla moto haujawashwa.

Jana jioni niliona mkia wa moshi ukipita juu ya mji kutoka kusini mashariki. Nikaandika kwenye daftari, kisha kwenye jedwali: "saa 11". Leo nikapakua nukta, nikakuta moto mpya kilomita hamsini hivi upande huohuo, safi kabisa, wakati wa kupita setilaiti 1132. Nikaviunganisha kwa programu yangu ndogo ya Python, ikanijibu kwamba moshi ulifika Kigoma saa 11:00 na moto ukaonekana saa 11:32. Yaani moshi ulitangulia nusu saa.

Nilipoteza saa nzima nikitafuta kosa kwenye hesabu za masafa. Kosa lilikuwa mdomoni mwangu. "Saa 11" niliyoandika ni saa kumi na moja ya jioni, kwa Kiswahili cha watu wote wenye akili timamu. Programu ikaisoma kama saa tano asubuhi. Na ile 1132 ya FIRMS ni saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo setilaiti ilipita hapa saa nane na nusu mchana. Weka kila kitu mahali pake: moto unaonekana saa nane na nusu, moshi upo juu ya mji saa kumi na moja. Saa mbili na nusu kwa kilomita hamsini, kilomita 20 kwa saa. Inaingia akilini.

Nikarudi kukagua jedwali lote, nikakuta mambo mawili zaidi. La kwanza, setilaiti hizo hupita tena usiku, na nukta zake huandikwa 2332 au karibu na hapo, zikiwa na tarehe ya jana, wakati sisi huku tayari ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia leo. Nukta zangu zote za usiku zilikuwa zimekaa kwenye siku isiyo yake. La pili, shemeji yangu aliyeoa kwetu na kuishi Kalemie, mji wa Kongo ulio ng'ambo, ananitumia taarifa za moshi wa kwao, na huandika kwa mtindo wa Kifaransa, "14h". Kalemie iko nyuma yetu kwa saa moja. Nilikuwa nayachukua maandishi yake kama ya Kigoma.

Kwa hiyo nilikuwa na saa nne ndani ya jedwali moja: ya dunia, ya Dodoma, ya Kalemie na ya bibi yangu. Kuanzia leo kila kitu kinaingia kwa saa ya dunia, na safu ya pembeni inabaki na Kiswahili kwa ajili ya macho yangu.

8 Julai

Kuna nukta moja upande wa Mwandiga ambayo haihami. Siku ya tisa sasa, usiku na mchana, haikui wala haifi. Moto wa nyasi hauishi hivyo. Unapita kama mgeni asiyekaribishwa chai. Nikakodi bodaboda.

Ni tanuri la matofali. Vijana watatu, magogo, matope yaliyokauka kwenye kuta, na moshi mweupe unaotoka kwenye nyufa za juu. Nikawaambia kwamba wanaonekana kutoka angani. Mmoja akauliza kama wanaonekana na mapato pia.

Njiani kurudi dereva alinionyesha vipande vyeusi kando ya barabara, vidogo, mipaka yake imekatika sawasawa. Hapo mtu kachoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa Septemba ukija ukose cha kula. Halafu kuna wanaochoma ili nyasi mpya ziote kwa ajili ya ng'ombe, wanaosafisha shamba, warina asali wanaoacha kienge kinawaka chini ya mti, na wawindaji ambao hawasemi. Kwenye ramani wote ni nukta nyekundu. Mimi nimeamua kutomwita kila mwenye nukta mhalifu. Moto wa Juni unaolamba nyasi na kuzimika jioni, na ule wa mwisho wa Septemba unaopanda juu ya miti, ni mambo mawili tofauti.

17 Julai

Wiki nzima nimekuwa kwenye picha za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, na sasa ndiyo mradi umepata macho.

Setilaiti za VIIRS hunipa picha nzuri lakini ni kama kumpiga mtu picha mara moja kwa siku halafu useme unajua anakotembea. Meteosat imesimama juu ya ikweta, haihami ukiitazama kutoka chini, na zile za kizazi cha zamani ninazotumia hupiga kila dakika 15. EUMETSAT, shirika linaloziendesha, wanatoa picha bure ukijisajili. Ubaya wake, pikseli yake ni kilomita 3 ikiwa moja kwa moja chini yake. Nukta ndogo hupotea, lakini moshi ni mpana. Kinachotakiwa hapa ni mwendo.

Zipo mbili zinazonifaa. Moja iko kwenye nyuzi sifuri, juu ya Ghuba ya Gine, yaani magharibi yetu. Nyingine ni ya Bahari ya Hindi, iliyo kwenye nyuzi 45.5 mashariki. Siku tatu za kwanza nilitumia ya mashariki tu, na jambo moja likanichanganya: asubuhi moshi ulikuwa hafifu, karibu haupo, kisha jioni ukachomoza kama umewashwa taa. Nikaandika kwamba moto huongezeka jioni. Kisha nikafungua ile ya magharibi: asubuhi moshi umejaa tele, jioni umepauka. Anga moja, siku moja, setilaiti mbili zinabishana.

Jibu nililipata jikoni. Bati letu lina tundu la msumari, na asubuhi mwale wa jua hupita humo. Ukisimama upande ambao mwale unakujia, vumbi lote linang'aa. Ukisimama nyuma ya mwale, mgongo kwa jua, huoni kitu. Chembe za moshi hutupa mwanga mbele zaidi kuliko nyuma. Jioni jua liko magharibi, setilaiti ya mashariki inautazama moshi ukiwa kati yake na jua, basi unang'aa. Asubuhi ni zamu ya ile ya magharibi. Tangu leo, asubuhi natumia ya nyuzi sifuri, jioni natumia ya Bahari ya Hindi, na saa sita mchana siziamini zote mbili.

Kutenganisha moshi na wingu kumekuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nalinganisha picha ya mwanga wa kawaida na ile ya joto. Wingu lililo juu ni baridi, linaonekana kwenye zote mbili. Moshi unaonekana kwenye mwanga wa kawaida, lakini kwenye picha ya joto unapotea, unaona ardhi moja kwa moja kama vile haupo. Mawingu ya chini juu ya maji asubuhi bado yananisumbua, maana joto lake halitofautiani sana na la ziwa.

19 Julai

Siku niliyokuwa naisubiri.

Jana saa saba mchana nukta kadhaa ziliwaka karibu pamoja kwenye pori magharibi ya Mpanda. Kwenye picha za dakika 15 mikia ilianza kuchomoza mmojammoja, myembamba, kijivu chenye ubuluu kidogo, kisha ikaungana kuwa mkanda mmoja. Nikauwekea ncha alama na kuhesabu pikseli. Hatua nne za dakika 15, pikseli saba hivi. Kilomita 21 kwa saa. Mwelekeo: magharibi, na kaskazini kidogo sana. Jua lilipozama, ncha ilikuwa imekaribia ziwa.

Halafu giza. Hapa ndipo picha ya joto isiyouona moshi inapokuwa adui badala ya rafiki: usiku sina kitu. Nikafanya hesabu ya kizamani kwenye karatasi. Mpanda hadi Kalemie ni kama kilomita 210 kwa mstari ulionyooka. Ikiwa mwendo hautabadilika, moshi utavuka ziwa karibu saa tano usiku. Nikamwandikia shemeji kabla ya kulala: kesho ukiamka, niambie unachokiona.

Saa mbili kasoro asubuhi simu ikalia. "Bofrere, moshi iko mingi huku. Ata mashuwa yenye iko pa mai hatuone muzuri. Ni nyinyi njo munachoma?"

Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu.

Picha ya asubuhi kutoka setilaiti ya magharibi imethibitisha. Utando umelala juu ya ziwa kusini ya Mahale na kuingia Kongo, wenye ukingo ulionyooka kama umekatwa kwa rula. Kaskazini ya Nkungwe, mlima wa mita 2,462, pameachwa kipande kisafi, kama mahali mtu mrefu alipozuia mvua. Kigoma sisi tumepata alama mbili, tunaiona Kongo vizuri tu, wakati Kongo wenyewe, kilomita 130 kusini yetu, hawaoni bandari yao.

Digrii kama thelathini za upepo ndizo zilizoamua. Ungetoka kusini mashariki kamili, mkanda uleule ungetufikia sisi: Mpanda hadi Kigoma ni kama kilomita 230.

4 Agosti

Nimeanza kutumia HYSPLIT, mfano wa kompyuta wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, unaohesabu njia ya hewa, kwenda mbele au kurudi nyuma. Unaupa mahali, saa na kimo, unakurudishia mstari. Kwa asubuhi zenye alama sifuri hapa Kigoma narudisha hewa nyuma kwa saa 24 kutoka vimo vitatu: mita 500, 1,500 na 3,000 juu ya ardhi.

Funzo lilikuja mara moja. Mistari mitatu haiendi pamoja. Wa chini hupindapinda karibu na ziwa, kwa sababu mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu na usiku hugeuka. Wa kati hunyooka kurudi kusini mashariki, kuelekea Ugalla na Katavi. Wa juu hurudi mashariki, unapita Tabora. Kwa hiyo kuuliza "moshi umetoka wapi" bila kusema ni moshi wa kimo gani ni kama kuuliza basi linakwenda wapi bila kutaja ni lipi.

Moto wa nyasi si moto wa misitu ya Canada. Hautupi moshi kilomita kumi juu. Moshi wetu hubaki ndani ya tabaka linalochemkachemka kwa joto la mchana, na kadiri kiangazi kinavyokolea ndivyo tabaka hilo linavyonenepa. Nimeamua mstari wa mita 1,500 ndio shahidi mkuu, ule wa 500 ndio shahidi wa kuhojiwa sana.

18 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Kibirizi imerudi kuwa Kibirizi.

Nimefunga kipimo cha chembechembe, kile cha bei nafuu chenye feni ndogo na mwanga wa leza, kwenye dirisha la rafiki yangu anayeishi karibu na mwalo. Nilitaka kujua moshi unaoonekana angani unafika puani au unapita juu tu. Jana usiku namba zikaruka ghafla, zikapita mara nyingi kiwango cha mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo ya hewa ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisizidi kwa wastani wa siku. Nikaangalia Meteosat: safi. VIIRS: safi. HYSPLIT: haina habari. Nikavaa viatu.

Kiasi cha hatua kumi kutoka dirishani, mama mmoja alikuwa anabanika migebuka. Kichanja cha waya, kuni mbichi kidogo ili moshi uwe mwingi, samaki wamepangwa vichwa upande mmoja, wameanza kupata rangi ya shaba. "Karibu mwanangu." Nilikula mmoja, nikarudi kuhamisha kipimo.

Kimehamia juu ya paa la nyumba yetu, mbali na majiko. Huko nako, alfajiri yenye umande husoma juu kuliko ukweli, maana matone madogo ya maji hutupa mwanga kama chembe. Natupa namba zote za kabla ya saa mbili asubuhi siku zenye ukungu. Inaniuma, kwa sababu ndizo saa moshi hufika.

7 Septemba

Mwezi mpevu. Nimepata njia ya kuuona moshi usiku, na imenishangaza kuliko zote.

VIIRS ina bendi inayoona mwanga hafifu sana wa usiku. Nilikuwa naijua kwa ajili ya taa za miji. Usiku wa jana wa kuamkia leo, saa nane na nusu, mbalamwezi ilitosha kuangaza moshi wenyewe: utando mpana wa kijivu kutoka Ugalla hadi ukingo wa ziwa, na ndani yake madoa meupe ya moto unaowaka. Kwa usiku mmoja sikuhitaji kubahatisha kwa karatasi.

Nikarudi kwenye picha ya bendi hiyohiyo ya tarehe 23 Agosti, usiku wa giza. Moshi hauonekani kabisa. Badala yake ziwa lote limetapakaa nukta nyeupe, mamia, kama sukari iliyomwagika mezani. Nilikaribia kuripoti moto majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu wao hawaendi, taa haina kazi. Ukiwa giza wanaingia wote. Basi setilaiti moja inaona moshi usiku ambao wavuvi wamelala, na inaona wavuvi usiku ambao moshi umejificha. Nimezihifadhi picha zote mbili kwa ajili ya mzee.

Leo asubuhi: sifuri, siku ya sita mfululizo.

20 Septemba

Naandika hili kwa aibu. Juzi nilituma ramani kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, nikisema moshi mzito umelala juu ya ziwa kuanzia hapa hadi Kalemie. Ilikuwa picha ya mchana ya VIIRS, ziwa limepauka kabisa, karibu nyeupe. Watu wakaisambaza. Mama mmoja akauliza kama mtoto wake mwenye pumu abaki ndani.

Haukuwa moshi, lilikuwa jua. Kipindi hiki cha mwaka jua la mchana linapita karibu na utosi, na setilaiti ikipita mashariki yetu kidogo, maji huirudishia mwanga kama kioo. Sikuliona Julai kwa sababu jua lilikuwa limekwenda kaskazini. Dalili zilikuwepo zote: weupe uliishia ufukweni kabisa, haukuvuka hata mita moja nchi kavu, na ndani yake palikuwa na michirizi inayofuata upepo juu ya maji. Moshi gani unaoheshimu ufukwe namna hiyo? Na shemeji alikuwa ameandika siku hiyohiyo kwamba kwao kumetulia, mimi nikampuuza kwa sababu nina setilaiti.

Nimeomba radhi kwenye kundi, nimeeleza, na yule mama nimempigia. Sheria mpya: hakuna ramani ya ziwani inayotoka bila kuangalia picha ya setilaiti nyingine na bila kuuliza mtu aliye ng'ambo.

29 Septemba

Muda wa kumjibu mzee unakaribia, kwa hiyo nimepanga asubuhi zote za sifuri na moja, nikaziwekea mistari yake ya kurudi nyuma, nukta za siku iliyotangulia, na picha.

Nyingi zinaelekea kusini mashariki. Ugalla, Katavi, pori la Tabora, na mara kadhaa mbuga na matete ya bonde la Malagarasi, ambayo huungua polepole bila mwali mkubwa na kutoa moshi mwingi kuliko joto lake linavyodokeza. Ule mwaga-pilipili wa Angola wa mwezi Juni haukuwahi kutugusa. Ulikuwa unakwenda zake Atlantiki. Ndiko unakokwenda moshi mwingi wa ukanda huu. Mwaka 2016 NASA walirusha ndege kutoka Walvis Bay, kisha São Tomé mwaka 2017 na 2018, kwa ajili tu ya kuupima ukiwa umetandazwa juu ya mawingu ya bahari. Kwenye ramani za kaboni monoksidi za Sentinel-5P, setilaiti iliyo angani tangu 2017, unaiona mito hiyo ikivuka bara na kutoka pwani ya pili. Gesi hiyo hukaa wiki kadhaa hewani, kwa hiyo haisemi nani kachoma jana, ila inaonyesha mkondo.

Lakini zipo asubuhi ambazo siwezi kuzipeleka Katavi hata nikilazimisha. Upepo wa kusini mashariki ulikuwa umelegea, milima ya magharibi ya ziwa ilikuwa inawaka, naiona kwenye bendi ya usiku, na mstari wa mita 500 unavuka maji kuja kwetu. Upepo wa usiku wa kutoka nchi kavu uliushusha moshi kutoka mabondeni hadi ziwani, na asubuhi ukaamkia kwetu. Asubuhi hizo mzee alikuwa sahihi. Si nyingi, nyingi kidogo mwishoni mwa Septemba, lakini zipo, nami nimeziandika kwa jina lake.

19 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha usiku. Saa moja asubuhi alama ni tatu. Nimeona mabonde, nimeona hata doa jeupe la maporomoko ya udongo ambalo sikulijua lipo. Nukta zimebaki chache, na mawingu yanazidi kufunika picha. Kazi ya msimu huu imeisha hapa, bado kusahihisha nukta za usiku za Juni.

Mchana nilikwenda mwaloni na kompyuta. Nikamwonyesha mzee mkanda wa Mpanda ukitembea pikseli saba kwa saa hadi kwa shemeji, kisha zile asubuhi zake. Alitazama kimya, akataka uchezwe tena, akasema, "Basi tunakohozana." Nikamwonyesha usiku wa mbalamwezi. Akatikisa kichwa.

Kisha nikafungua ule wa giza wa tarehe 23 Agosti, zile taa. Akainama karibu na kioo. Wenzake wawili nao wakasogea. Akaweka kidole juu ya nukta tatu zilizojitenga peke yake, mbali upande wa kusini, ambako hakuna mtu mwingine aliyekuwa. Akakiondoa haraka, akaufunga mfuniko wa kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Hiyo moja," akaninong'oneza, "ifute."